Mashine Ikikosea, Nani Ataaminiwa?

Msimu wa udahili wa shahada za uzamili unapofika, vijana wengi hunitafuta kwa simu. Baadhi yao wamemaliza shahada ya kwanza ya kompyuta, wengine ni wahasibu, wengine wanafanya kazi benki au halmashauri. Zamani swali lao kubwa lilikuwa ada: itapatikana wapi? Siku hizi swali limebadilika. Wananiuliza kama bado kuna maana ya kusomea usanifu wa mifumo ya taarifa na teknolojia ya biashara, ilhali akili mnemba inaandika programu nzima kwa dakika chache na haidai mshahara.

Swali hilo nalichukulia kwa uzito. Anayeliuliza ameweka mezani akiba yake, pengine na ya wazazi wake, pamoja na miaka ya ujana ambayo haitarudi. Kumjibu ndiyo au hapana na kukata simu ni kumdhulumu. Ndiyo maana nimeona nisimulie yaliyonipeleka mimi kwenye masomo hayo na niliyoyakuta huko, maana katika yote niliyojifunza, kuandika programu kulikuwa sehemu ndogo.

Kabla ya kurudi darasani nilikuwa msaidizi wa mhasibu katika duka la jumla Kariakoo. Tuliuza vyombo vya plastiki, madaftari, vitenge na vifaa vidogo vya nyumbani. Wateja wetu walitoka Mbagala na Gongo la Mboto, lakini pia Songea na Lindi, na wengine walivuka mipaka kutoka Comoro na Lubumbashi. Mwenye duka aliona biashara imekua, akanunua programu ya kusimamia mauzo na stoku. Ilitengenezwa nje ya nchi, na aliyekuja kuifunga alikaa kwetu muda mfupi, akatuonyesha vitufe vya kubonyeza, akaondoka.

Mtunza stoo wetu alikuwa mzee mwenye kaunta buku. Kila katoni iliyoingia aliiandika, na kila iliyofunguliwa aliiandika pia, pamoja na jina la kijana aliyeifungua. Programu mpya haikuwa na nafasi ya jambo hilo la pili. Kwa programu hiyo kila bidhaa ilikuwa na kipimo kimoja tu. Lakini Kariakoo mzigo unaingia kwa katoni, unatoka kwa dazani, na mteja wa mwisho anachukua kimoja kimoja. Vitenge vinaingia kwa robota na kutoka kwa doti. Keshia mwenye foleni ndefu mbele yake alichagua chochote ambacho skrini ilimruhusu kuchagua, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri na gari la mizigo lilikuwa linapiga honi nje.

Mwisho wa mwezi skrini ilionyesha upungufu mkubwa wa mali. Mzee akaitwa. Alikuja na kaunta buku lake, akalifungua ukurasa kwa ukurasa, na hesabu zake zilikuwa zimenyooka. Hazikumsaidia. Aliambiwa kwamba kompyuta haina sababu ya kudanganya, na fedha zikaanza kukatwa kwenye mshahara wake. Siku hiyo jioni, tukifunga stoo, aliniambia, “Binti, hii mashine haijui kuwa katoni hufunguliwa.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka chuoni. Mzee ambaye hakuwahi kugusa kompyuta alikuwa ameutaja ugonjwa wote kwa maneno machache. Mahali fulani, mtu ambaye hakuwahi kusimama ndani ya stoo ya Kariakoo aliamua jinsi bidhaa inavyohesabiwa, na uamuzi wake ulipogongana na kazi halisi, hasara ilimwangukia mnyonge kuliko wote. Nilitaka kujua maamuzi ya namna hiyo hufanywaje na nani anapaswa kuyafanya.

Nilijiunga na masomo ya uzamili hapa Dar es Salaam, vipindi vya jioni, wakati Barabara ya Morogoro ilipokuwa imechimbwa kwa ujenzi wa njia za mabasi ya mwendokasi. Darasani tulikuwa mchanganyiko: wataalamu wa kompyuta, wahasibu, maofisa wa benki, walimu, mtu wa bandari, mtu wa afya. Mhadhiri wa uchambuzi wa mifumo aliingia na chaki peke yake. Alitugawa wawili wawili akatutuma kituo cha daladala cha Mwenge, tukae pale tuandike kila taarifa inayosafiri kati ya abiria, konda, dereva na mwenye gari. Baadhi ya wenzangu waliotoka kwenye kompyuta walinung'unika, kwa kuwa walikuja kujifunza teknolojia ya kisasa na sasa wanapelekwa stendi.

Tulichokiona Mwenge kimenifaa kuliko vitabu vingi. Konda anapokea nauli mkononi. Mwenye gari hayupo, na hana njia ya kujua gari lake limebeba abiria wangapi. Kwa kuwa hajui, hawezi kumlipa dereva kulingana na mapato. Anachoweza ni kupanga kiasi kisichobadilika ambacho dereva atakileta kila jioni, yaani hesabu. Hesabu ikitimia, kinachobaki baada ya mafuta ni cha dereva na konda. Isipotimia, pengo ni lao. Hapo ndipo zinapotoka mbio za barabarani, kujaza abiria mpaka mlangoni, na kukatisha ruti kabla ya mwisho wa safari. Watu tumezoea kulaumu tabia za madereva. Mhadhiri alituonyesha kwamba taarifa isiyomfikia mwenye gari imezaa mkataba wa aina fulani, na mkataba huo umezaa mwendo wa gari.

Kisha akatuuliza: mkileta tiketi za kielektroniki, mwenye gari ataanza kuona kila nauli, je, dereva na konda watalipwaje? Ni nani atapata nguvu na nani ataipoteza? Asiye na jibu la swali hilo, alisema, bado hana ruhusa ya kuchora mfumo. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba taarifa hugawa nguvu. Anayeona hesabu ndiye anayepanga masharti, na mfumo mpya unapohamisha macho kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, unahamisha pia riziki.

Muhula uliofuata nilisoma maandishi ya Klodwig Mgaya, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu historia ya kompyuta nchini. Nilikuwa sijawahi kuambiwa habari hizo, wala wenzangu hawakuwa wamezisikia. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Serikali changa ilitaka hesabu zake ziende haraka na kwa usahihi. Jaribio la kuhamishia uhasibu wa serikali kwenye kompyuta lilikwama, fedha nyingi za kigeni zikaliwa na mradi usiotimiza ahadi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa polepole, na soko halikufunguka kweli mpaka miaka ya 1990.

Wengi wakisikia habari ya marufuku hiyo huichukulia kama woga wa watu waliokimbia maendeleo. Mimi niliisoma nikiwa nimetoka kwenye duka lililomkata mzee mshahara, na niliwaelewa waliotia saini. Walikuwa wamenunua mashine bila kuwa na watu wa kutosha waliojua kuichambua kazi, kuilinganisha na mashine, na kusema mapema kwamba viwili hivyo havioani. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukiwa na mashine una mfumo. Nchi yetu ililipia somo hilo kwa gharama kubwa, kisha ikalisahau, na kila kizazi cha wanunuzi kinalilipia upya. Msomi wa Uingereza, Richard Heeks, aliyechunguza miradi ya mifumo ya serikali katika nchi zinazoendelea, alikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba asilimia 35 ilianguka kabisa, asilimia 50 ilianguka kwa kiasi, na asilimia 15 tu ndiyo iliyofaulu. Sababu aliyoisisitiza ni umbali kati ya mfumo uliochorwa na hali halisi ya mahali unapopelekwa. Hiyo ndiyo katoni ya Kariakoo.

Somo la hifadhidata ndilo lililotutoa jasho. Tulisoma kazi ya Edgar Codd wa IBM, ambaye mwaka 1970 alipendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana, na ya Peter Chen, ambaye mwaka 1976 alitupatia njia ya kuchora vitu na uhusiano wake kabla ya kujenga majedwali hayo. Nilipenda nidhamu ya majedwali hayo: kila ukweli ukae mahali pamoja, ili ukibadilishwa pale uwe umebadilika kote. Mwenye kuizoea nidhamu hiyo hawezi tena kuvumilia ofisi inayoandika anwani ya mteja katika vitabu vitano tofauti.

Lakini tukiwa katikati ya zoezi la kubuni hifadhidata ya wagonjwa, mwenzetu kutoka Unguja alinyoosha mkono. Mhadhiri alikuwa ameandika ubaoni jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Mwenzetu akaeleza kwamba kwao mtu hutumia jina lake, la baba na la babu, na mwanamke akiolewa habadilishi. Ukimlazimisha kujaza jina la ukoo, leo ataandika la babu, na kesho karani mwingine atamwandikia nisba ya familia. Mtu mmoja atakuwa wawili hospitalini, na kumbukumbu ya dawa inayomdhuru itabaki kwenye faili la yule mwingine. Mhadhiri alikaa kimya kidogo, akafuta ubao, tukaanza upya.

Tangu siku ile sijaweza kuiangalia safu ya jedwali kama kitu kisicho na upande. Kila safu ni dai juu ya namna watu wanavyoishi. Majedwali ya Codd ni sahihi kila mahali duniani, ila kinachoingia ndani yake hakifanani kila mahali, na hakuna atakayetuletea maarifa hayo kutoka nje. Darasa letu lilijenga hifadhidata bora kwa kuwa lilikuwa na mtu wa Unguja. Ndiyo sababu nawashauri vijana wachague chuo kwa kuangalia pia wataketi darasani na nani.

Katika teknolojia ya biashara tulisoma M-Pesa kama mfano wetu mkuu, na si kwa sababu ya fahari ya Afrika Mashariki peke yake. Majaribio ya kwanza yalifanyika Kenya mwaka 2005, na lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana fedha, kulipana baina ya wafanyabiashara, kuweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Wabunifu walikuwa na chaguo la kuwazuia. Badala yake waliwatazama, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Zoezi letu lilikuwa kukaa na wakala mmoja Manzese na kuelewa biashara yake. Nilidhani nitakuta biashara ya simu. Nikakuta biashara ya mizani. Wakala ana mali za aina mbili, keshi na floti, yaani salio lililo kwenye simu, na kila anayeweka hupunguza floti na kuongeza keshi, na kila anayetoa hufanya kinyume. Mishahara ikitoka, watu wote wanataka kutoa, keshi inakwisha asubuhi, na floti inalala kwenye simu bila kazi. Wakala wa mjini hupokea zaidi, wa kijijini hutoa zaidi, kwa sababu fedha husafiri kutoka kwa mtoto aliyeko Dar kwenda kwa mama aliyeko Sumbawanga. Mtu akikosa kuelewa mwelekeo huo, atapanga mtaji wa mawakala wake vibaya nchi nzima.

Lililonigusa zaidi halikuwa kwenye simu. Wakala yule alikuwa na makubaliano na mwenzake wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa kanuni za soko alikuwa mshindani wake. Floti ikimwishia mmoja, mwingine anamwazima, na jioni wanasawazishana. Hawakuandikiana popote. Tulipochora mchoro wa mfumo, mishale yote ya kampuni ya simu ilionekana, lakini mshale uliokuwa ukiwawezesha wateja wa mtaa ule wasirudishwe mikono mitupu haukuwa kwenye hati yoyote rasmi. Teknolojia ya biashara hutembea juu ya imani ya watu ambayo haikuianzisha yenyewe, na msanifu asiyeiona anaweza kuivunja kwa kipengele kimoja kipya kilichokusudiwa kuleta unafuu.

Kwa tasnifu yangu nilikwenda Kisarawe. Mwaka 2013 Tanzania ilikuwa inakamilisha kusambaza programu ya DHIS2 katika wilaya zote, ili takwimu za afya zilizokuwa zikikusanywa kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, tangu miaka ya 1990 ziingizwe kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Programu hiyo ina historia inayostahili kujulikana. Mizizi yake iko Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994, pale wanaharakati wa afya na watafiti walipotaka wilaya masikini zijione katika takwimu zake zenyewe. Ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, pamoja na washirika wengi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Ni huria na haina malipo ya leseni.

Norway nayo ilikuwa na sababu yake ya kuamini katika kuwashirikisha watumiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kristen Nygaard, mmoja wa wavumbuzi wawili wa lugha ya programu ya Simula, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma. Wafanyakazi walikuwa wanaletewa kompyuta viwandani bila kuulizwa, na yeye akawasaidia kuzielewa ili waweze kusema wanataka nini na hawataki nini. Kutokana na kazi kama hiyo ulikua utamaduni wa usanifu unaosema kwamba anayetumia mfumo ana haki ya kushiriki kuuunda. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katika zahanati niliyoifanyia utafiti kulikuwa na nesi mmoja aliyebeba karibu kila kitu. Alipima wajawazito, alichanja watoto, alizalisha, na wagonjwa wakiisha alifungua vitabu vya MTUHA na kuhesabu kwa vijiti: wangapi wamehudhuria, wangapi wana malaria, wangapi wamechanjwa penta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumla zilikwenda wilayani, ambako ofisa aliziingiza kwenye kompyuta. Nilimuuliza huwa anazitumiaje. Akanitazama kwa upole. “Namba zikitoka hapa hazirudi, mwanangu,” alisema. “Sisi tunapeleka tu.”

Nilimwomba ofisa wa wilaya atuchapie mchoro wa zahanati ile peke yake. Nesi aliuangalia, akaweka kidole kwenye pengo lililokuwa kati ya penta ya kwanza na ya tatu, na hakuhitaji maelezo yangu. Alitaja kitongoji kilicho ng'ambo ya kijito, ambacho njia yake hukatika wakati wa masika. Mama akishindwa kuvuka mara moja, tarehe ya mtoto inapita, na akirudi anaogopa kugombezwa. Mwezi uliofuata, huduma ya mkoba, inayowafuata watu walipo, ilipangwa upya ili ifike ng'ambo kabla mvua hazijashika.

Hilo lilinifundisha kanuni ninayoitumia mpaka leo kila ninapokaa na mteja. Anayeulisha mfumo lazima naye apate kitu kutoka kwake. Akibaki mbeba mzigo, ataandika chochote kinachomaliza kazi, na wakubwa watafanya maamuzi juu ya namba zisizo na mtu nyuma yake. Na ujuzi uliokamilisha takwimu ile haukuwa Dar es Salaam wala Oslo. Ulikuwa kwa nesi aliyeijua njia.

Miaka ilipita, nikawa nafanya kazi ya kusanifu mifumo ya malipo na stoku. Januari 2024 Uingereza ikatikiswa na tamthilia ya televisheni kuhusu mfumo wa Horizon wa Shirika la Posta, na mimi nikaifuatilia habari hiyo kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake. Mfumo huo ulianza kusambazwa mwaka 1999 katika posta ndogo za mitaani. Ulikuwa na hitilafu zilizoonyesha upungufu wa fedha usiokuwepo. Wasimamizi wa posta hizo waliambiwa walipe mapengo kutoka mifukoni mwao, na zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na uhasibu wa uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Kundi la watu 555 likiongozwa na Alan Bates lilifungua kesi, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Sheria ya kufuta hukumu kwa jumla ilipitishwa Mei 2024.

Kwa karibu muda wote huo, mahakama za Uingereza zilikuwa zikifuata dhana kwamba kompyuta hufanya kazi sawasawa mpaka athibitishe vinginevyo yule anayeipinga. Msimamizi wa posta ya kijijini angethibitishaje, ilhali kumbukumbu za ndani za mfumo hakuruhusiwa kuziona? Kampuni iliyoanza kuijenga Horizon ilikuwa ICL ya Uingereza, ambayo baadaye ilichukua jina la mmiliki wake, Fujitsu wa Japani. ICL yenyewe ilizaliwa mwaka 1968 katika muungano ulioimeza ICT, ile iliyouza kompyuta ya Wizara yetu ya Fedha ya 1965. Utajiri wa nchi haukuwaokoa Waingereza. Walikuwa na wataalamu wengi, mahakama kongwe na fedha, na bado waliiamini skrini kuliko mtu mwenye daftari mkononi.

Mimi nilimwona mzee wangu wa stoo katika kila sura ya watu wale. Hakufungwa, lakini alikatwa mshahara kwa sababu ile ile na kwa hoja ile ile. Na hapa kwetu jambo hili linakua. Malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya malipo, simu zinakopesha watu kwa alama zilizokokotolewa na mashine, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki mahakamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inampa mwananchi haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe. Haki hiyo itakuwa na uzito pale tu ambapo mfumo umesanifiwa ukiwa na mahali pa kupokelea malalamiko, kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, na mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba mashine imekosea. Vitu hivyo havijitokezi vyenyewe. Huwekwa na msanifu mwanzoni, au havipo.

Sasa nirudi kwa vijana wanaoniuliza. Akili mnemba naitumia, na inaniandikia programu vizuri kwa kazi nyingi. Ukiiambia bidhaa ina kipimo kimoja, itakujengea mfumo safi wa kipimo kimoja. Haitakwenda stoo kumwona mzee akifungua katoni. Haitamsikia nesi anapoulizwa takwimu zinamsaidia nini, wala haitaitwa mahakamani kueleza kwa nini mtu asiye na hatia alidaiwa. Kadiri kuandika programu kunavyokuwa rahisi, ndivyo mifumo mibovu itakavyozaliwa kwa haraka zaidi, na ndivyo tutakavyowahitaji zaidi watu waliofundishwa kuuliza kabla ya kujenga.

Kwa hiyo, ndiyo, someni. Lakini fanyeni kazi kwanza, hata kama ni ya karani, mpate kuujua uzito wa mfumo mkiwa upande wa anayeutumia. Mkienda chuo, ulizeni kama kinawatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kwenye masoko, zahanati na stendi, na kama kinafundisha uhasibu na sheria pamoja na hifadhidata. Tasnifu zenu ziandikeni juu ya kazi halisi za watu mnaoweza kukaa nao, na matokeo warudishieni watu hao.

Vyuo navyo naviomba vitoe alama kwa saa za kusikiliza kama vinavyotoa kwa programu inayofanya kazi. Wenye mashirika, wanaponunua mfumo, waweke kwenye mkataba muda wa msanifu kukaa na watunza stoo, makeshia na manesi kabla ya kuchora chochote, na waweke njia ya mfanyakazi kuipinga skrini bila kupoteza mshahara wake.

Kila anayesanifu mfumo anaamua, ajue asijue, nani atabeba hasara siku mashine itakapokosea. Uamuzi huo ni mzito mno kuachiwa mtu ambaye hakufundishwa kuufanya, au kitu ambacho hakiwezi kuulizwa.